Upande wa Kulia wa Ulimi

Mgeni aliingia karakanani asubuhi bila kubisha, wakati Baba Pacha ana misumari kumi na minne mdomoni na hawezi kumkaribisha mtu.

Ndiyo shida ya ufundi wake. Fundi wa viti wa mtindo wa zamani hufanya kazi kwa mikono miwili na ulimi. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa kikaze juu ya mbao, wa kulia umeshika nyundo nyembamba yenye sumaku kwenye ncha, na kwa kuwa Mungu hakutoa mkono wa tatu, ulimi unashika zamu. Misumari midogo, mifupi kuliko ukucha wa kidole gumba, inajazana kwenye shavu la kulia kama karanga za mtu mroho. Ulimi unachagua mmoja, unaugeuza, unausukuma katikati ya midomo kichwa kikiwa mbele. Nyundo inaunasa kwa sumaku, inaugonga mara ya kwanza usimame, mara ya pili uzame. Aliyezoea hupigilia misumari arobaini kabla hujamaliza kumsimulia habari za shemeji yako. Baba Pacha alikuwa na miaka ishirini na sita ya kuzoea.

Mgeni alikuwa binti mrefu, mwembamba, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. Alisimama kando ya lundo la sponji, akatazama mpaka msumari wa mwisho ukazama, ndipo akafungua mdomo.

"Habari za kazi, fundi."

"Njema, binti. Karibu. Samahani, nilikuwa nimejaa."

"Nimeona. Nimehesabu kumi na minne."

Fundi akampenda papo hapo. Wateja wengi humsemesha akiwa na misumari kinywani, halafu wananuna wasipojibiwa.

"Nina kiti kimechanika," binti akasema. "Ngozi imepasuka, sponji inachungulia nje, na mtu akikaa springi zinamchoma. Ninacho hicho kimoja tu, kwa hiyo nina haraka nacho."

"Kiti cha sebuleni?"

"Cha kung'olea meno."

Kule pembeni cherehani ilinyamaza. Mama Pacha, mkewe, ambaye ndiye aliyeshona kila foronya na kila ngozi iliyotoka katika karakana ile, aliinua kichwa polepole kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni.

"Wewe ni daktari wa meno?"

"Ndiyo, mama. Pale zahanati, nyuma ya posta. Nina miezi mitatu tu tangu nifike."

"Mungu ni mwema," akasema Mama Pacha.

"Mama Pacha," fundi akaonya.

"Nimesema Mungu ni mwema. Siku hizi nalo ni kosa?"

Daktari alimgeukia fundi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama ya mtu anayeuliza bei ya kitambaa. "Fundi, lina muda gani hilo gego? La chini, la mwisho kabisa, upande wa kulia. Kila ukigeuza msumari, jicho lako la kulia linafumba."

"Jicho langu lina tabia yake."

"Wiki tatu!" Mama Pacha akadakia. "Wiki tatu anakula vya kuponda kama mtoto anayeota meno. Analala amejifunga mtandio wangu kichwani. Nikimwambia twende akatazamwe, ananiambia ni upepo. Upepo gani unavimbisha shavu moja?"

"Huenda unavuma upande mmoja," fundi akasema, na hata kicheko kikamuuma.

"Mficha maradhi..." Mama Pacha akaanza.

"Kiti chako nitakishona," fundi alimwambia daktari upesi, kabla methali haijafika mwisho. "Kilete kesho, ukichukue Ijumaa. Jino langu liache. Tumeishi pamoja miaka mingi."

Alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Kichwani alikuwa na majibu yamepangwa mstari kama askari wa gwaride. Lakini daktari hakubisha. Alivuta stuli, akakaa, akaweka mkoba magotini.

"Unaogopa nini?" akauliza.

Hakuuliza kwa dhihaka. Aliuliza kama fundi mwenyewe anavyomuuliza mteja anataka kochi la kukalia wageni au la kulalia watoto. Aliuliza kwa sababu kazi ingetegemea jibu. Basi Baba Pacha akajikuta anasema jambo ambalo hata mkewe alikuwa amelisikia kwa vipande tu.

Alikuwa na kaka yake, mkubwa kwake kwa miaka tisa. Huyo ndiye aliyempa nyundo ya kwanza. Kaka yake aling'olewa gego kama hilo, upande huo huo, zamani, katika mji mwingine. Kidonda kilipona vizuri. Lakini nusu ya ulimi, ya kulia, ililala na haikuamka tena. Wiki ya kwanza alimeza msumari. Wiki ya pili alijichoma mpaka damu, na hakujua mpaka alipoona doa kwenye kitambaa cheupe cha mteja. Kabla mwaka haujaisha akatundika nyundo ukutani. Sasa alikuwa mlinzi wa kituo cha mafuta, na mdogo wake akipita na mfuko wa zana begani, kaka mtu alitazama magari.

"Watu wanadhani naogopa koleo," fundi akasema. "Maumivu nayajua, daktari, nimejigonga vidole tangu sijaota ndevu. Naogopa kuamka na nusu ulimi. Ukinitoa ulimi mimi si fundi tena. Ni mtu tu aliyeshika nyundo."

Akangoja neno "usiogope". Kila mtu alikuwa na neno hilo mfukoni.

"Inaweza kutokea," daktari akasema.

Mama Pacha akageuza kiti chake akawaelekea.

"Kwa watu wengi sana haitokei. Na wengi katika wanaopatwa, hisia hurudi, baada ya wiki, au miezi. Lakini wapo ambao hairudi, kama kaka yako. Nikikuambia haiwezekani nitakuwa nakudanganya, na mtu niliyemdanganya sitaki kumtia mkono kinywani." Akanyoosha kiganja. "Naomba misumari mitatu."

"Ya nini?"

"Nataka kujua ulimi wako unafanya nini hasa. Chuoni hawakutufundisha."

Aliiosha kwa maji ya moto ya chupa ya chai, akaitia kinywani, daktari mzima, na kujaribu kugeuza mmoja. Ulitoka ncha mbele. Akajaribu tena, ukamchoma mdomo. Wa tatu ulimponyoka ukadondoka ndani ya mkoba wake. Mama Pacha alicheka mpaka akashika meza ya cherehani, na daktari naye akacheka, akifuta tone la damu kwa leso.

"Si hivyo, binti!" fundi akasema, amesahau shavu lake. "Usisukume kwa ncha. Ncha ni ya kutoa tu. Kugeuza ni kwa ukingo, huku pembeni, kulia. Unauviringisha kwenye gego. Ona."

Akamwonyesha, na jicho likafumba, na safari hii hakukana. Daktari alikuwa tayari ametoa karatasi. Alichora ulimi, akatia kivuli ukingo wa kulia, akaandika maneno mawili chini yake. Kisha akaaga, akasema kiti kitakuja kesho kwa mkokoteni.

Hakumwambia aje zahanati. Jambo hilo lilimkera fundi mchana kutwa.

*

Kiti kilifika, na kwa siku mbili Baba Pacha alikivua nguo na kukivika upya. Kilikuwa kiti cha zamani, chuma chake kizuri, lakini aliyekishona mwanzo alikuwa na haraka ya kwenda kula. Fundi alibadilisha sponji yote, akaongeza unene pale kichwa kinapolala, maana aliwaza: anayelala hapa shingo yake imekakamaa. Mama Pacha alikata ngozi bandia ya kijani, akashona kingo mara mbili.

Kazi ya misumari ilikuwa mateso. Taya ilikuwa imeanza kukataa kufunguka. Vidole viwili vilivyolaliana havikupita tena kati ya meno. Alhamisi jioni homa ilimpanda. Mama Pacha alimfunga mtandio kichwani kwa mikono yake mwenyewe, bila methali.

Ijumaa asubuhi walikipeleka wenyewe. Zahanati ilikuwa chumba cha kungojea chenye benchi mbili, na nyuma yake chumba kingine chenye dirisha kubwa, sinki, taa ya mkono mrefu na kabati la kioo lenye vyombo vilivyopangwa kwa ukubwa. Fundi aliangalia kabati lile kwa muda. Aliyepanga zana namna ile, akawaza, hazitupi hovyo akishachoka. Nesi wa pale, mama mnene mwenye sauti ya chini kama ngoma, alisaidia kukaza boliti.

"Kiti hakipimwi kwa macho," daktari akasema. "Kaa, fundi, tukione."

"Umeninasa."

"Wewe ndiye uliyetengeneza mtego."

Akakaa. Kiti kilimpokea vizuri kiasi kwamba alijionea fahari, na katika fahari hiyo akafungua kinywa kadiri ilivyowezekana. Daktari alitazama, akanusa, akasema kuna usaha chini ya ufizi, kwa hiyo picha ni lazima. Nesi akamwekea kifilamu kidogo kinywani, akamwambia asicheze, wakatoka, mashine ikalia.

Picha ilipokuwa tayari, daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaishusha. Akaiinua tena. Nesi akaja kutazama, na akasema kwa ile sauti yake ya ngoma, "Yesu wangu."

"Kuna nini?" Mama Pacha akauliza kutoka mlangoni.

"Kuna msumari," daktari akasema taratibu. "Umepita kwenye mzizi wa gego. Mzima, na kichwa chake. Fundi, uliwahi kumeza msumari? Uliwahi kuhisi kitu kinazama kwenye ufizi?"

Baba Pacha alifikiri. Kisha uso ukambadilika, akapeleka kidole ndani ya shavu, akachokora kule nyuma, na kutoa msumari mmoja unaong'aa kwa mate.

"Ni wa leo," akasema kwa aibu. "Nilikuwa nakaza mkono wa kiti pale nje. Nilidhani nimeimaliza yote."

Nesi alilazimika kukaa kwenye benchi. Mama Pacha alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika. Daktari alicheka kimya, kisha akaacha.

"Hukuuhisi?"

"Ulimi umeacha kutembelea upande ule. Unaogopa."

"Basi hilo gego limeanza kukunyang'anya ulimi hata kabla mimi sijaligusa," daktari akasema.

Fundi akaufuta msumari kwa shati. Katika majibu yake yote ya gwaride hakuna lililojiandaa kwa hilo.

Picha ya pili ilikuwa safi, na daktari akamweleza akimwonyesha kwa ncha ya kalamu. Gego lilikuwa limelala ubavu chini ya ufizi, limekosa nafasi, linamsukuma mwenzake kama abiria aliyechelewa kwenye benchi lililojaa. Chini ya mizizi ulipita mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu. Na upande wa ndani, ambao picha haikuuonyesha, ulipita mshipa wa ulimi. "Kwa watu wengine uko mbali. Kwa wengine uko karibu na jino kama uzi na pindo. Wako sijui uko wapi, kwa hiyo nitauchukulia kwamba uko karibu kabisa."

Siku hiyo, akasema, hatang'oa kitu. Usaha kwanza. Atamtia ganzi, aoshe chini ya ufizi, ampe dawa za wiki nzima. "Ukiinua mkono wa kushoto, nasimama. Sitauliza kwa nini."

Sindano haikuwa mbaya. Kibaya kilikuja baadaye, taratibu: mdomo ulinenepa, kidevu kikatoweka, na kisha ukingo wa kulia wa ulimi ukazimika. Alijaribu kuusogeza kwenye gego, hakukuta gego wala ulimi. Alimwona kaka yake amekaa chini ya taa za kituo cha mafuta. Mkono wa kushoto uliinuka wenyewe.

Daktari alikuwa tayari ameshika bomba la maji karibu na ufizi. Alilitoa, akaliweka kwenye sinia, akavuta kiti chake nyuma.

"Umekufa," fundi akasema kwa mdomo wa mlevi.

"Nani amekufa?" nesi akauliza.

"Uimi."

Daktari alitazama saa ya ukutani. "Sasa ni saa nne. Huu ni usingizi wa dawa, utaamka kati ya saa saba na saa nane. Kaa pale kwenye benchi, usitafune kitu. Ukiamka uniambie, ndipo nitaosha, kwa ganzi ndogo ya ufizi tu. Usipoamka, sitakugusa tena maisha yangu."

Nje palikuwa na watu saba wanangoja. Angeweza kumwambia ajikaze kidogo, ni dakika tano tu. Baba Pacha alijua hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe aliwaambia wateja "kesho tu" mara nyingi kuliko nywele zake. Akaenda akakaa benchini, mkewe pembeni, akatazama mshale wa saa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Saa saba kasorobo, sisimizi mmoja alitembea kwenye ukingo wa ulimi. Kisha wawili. Kisha kundi zima. Aligusa meno moja moja kutoka mbele kwenda nyuma, akayakuta yote nyumbani.

"Umerudi," akamwambia daktari mlangoni, bila kujali mgonjwa aliyekuwa ameachama kitini.

"Vizuri. Siku ya kazi yenyewe ulimi utalala hivyo hivyo, na utajua ni usingizi." Akaendelea na mgonjwa wake.

Njiani kurudi, baada ya fundi kuoshwa ufizi na kupewa dawa, Mama Pacha alisema, "Yule mtoto ana mama aliyemlea." Baba Pacha, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu hata mchuzi wa mkewe, alisema, "Yule ni fundi."

*

Baada ya wiki usaha ulikauka na taya ikafunguka. Alirudi Jumatatu asubuhi, amepiga moyo konde, nyundo akaiacha nyumbani. Akalala kwenye kiti cha kijani. Ulimi ukalala pia, na safari hii aliuacha ulale.

Alichokiona asubuhi ile alikisimulia baadaye kwa kila aliyekaa kwenye viti vyake. Hakuhisi maumivu, ni misukumo tu na ngurumo ya mashine ndani ya fuvu; lakini macho yake yalikuwa wazi, kazi yote ikionekana kwenye kioo cha taa iliyo juu yake, na fundi akimwona fundi mwenzake kazini hawezi kutazama pembeni. Daktari alikata ufizi kutoka upande wa shavu, akaukunja kama pindo. Hakuvuta. Baba Pacha alikuwa amengoja mvutano, goti kifuani, jasho, kama walivyosimulia wazee. Daktari alilikata gego vipande palepale lilipolala, kisha akatoa kichwa, akatoa mzizi mmoja. Ndivyo unavyotoa msumari wa zamani kwenye mbao ya zamani, fundi akawaza. Mjinga anauvuta na kupasua mbao. Mwenye akili anaitunza mbao, na msumari unajitokea.

Mzizi wa mwisho ulikuwa umejikunja kama ndoano, ukakataa.

"Ukiusukuma kutoka ndani, daktari, unaruka mara moja," nesi akasema. Alikuwa ameshika taya ya fundi kwa viganja viwili, na mikono ilikuwa imeanza kuchoka.

"Najua."

Daktari hakuusukuma kutoka ndani. Ndani ndiko ulikopita mshipa wa ulimi. Aliendelea kwa nje, akipunguza mfupa kidogo kidogo kama anayekwangua masizi bila kuitoboa sufuria. Dakika kumi. Ishirini. Alisimama, akakunja na kukunjua vidole, akapumua, akarudi. Macho yake juu ya barakoa yalikuwa yametulia kabisa. Ilikaribia nusu saa ya mzizi ule mmoja ndipo kitu kikalegea kwa mlio mdogo, na mzizi ukalia kwenye sinia la chuma.

Alishona nyuzi tatu. Mama Pacha aliitwa ndani, na kabla ya kuuliza habari za mumewe aliinama kwenye kinywa chake akakagua.

"Nani alikufundisha kushona?"

"Mama yangu alikuwa na cherehani."

"Inaonekana. Mshono umelala."

Sisimizi walirudi saa nane mchana. Kesho yake daktari alimfumbisha macho, akamgusa ulimi kwa pamba na kwa ncha ya sindano, hapa na pale. Kali. Laini. Kali. Kulia nyuma, laini. Kulia pembeni, kali. Alipata yote. Akaomba ajaribiwe tena. Hakuwa na shaka, alitaka tu kupata yote mara ya pili.

"Sasa sikiliza, fundi," daktari akasema. "Kwenye lile shimo damu imeganda. Ndiyo kiraka chako. Kiraka kikitoka, au msumari ukikichafua, utalia kwa maumivu ambayo hujawahi kuyaona, na sisi tutaanza upya. Siku kumi na nne. Hakuna msumari kinywani, hata mmoja, hata uliooshwa. Naomba uniahidi, maana mimi sitakuwepo kukuona."

"Nakuahidi," Baba Pacha akasema, na wakati ule ilikuwa rahisi kama kuahidi mvua.

*

Siku ya tisa, mwenye ukumbi wa mikutano, mteja wao wa siku nyingi, alikuja.

Ilikuwa Alhamisi. Viti vyake sitini vilitakiwa Jumamosi asubuhi. Kulikuwa na mkutano mkubwa, na wenye mkutano hawakutaka kusikia habari za meno ya mtu. Vilivyokuwa tayari ni kumi na vinane. Bila ulimi, kila msumari ulitaka vidole viwili vya kuushikilia, na kitambaa kikakosa wa kukivuta. Kwa hiyo Mama Pacha aliacha cherehani na kuvuta kitambaa, na watu wawili wakafanya nusu ya kazi ya mmoja. Vidole vya kushoto vya fundi vilikuwa vimevimba, kimoja kina ukucha mweusi.

Mwenye ukumbi alitembea kati ya fremu tupu, mikono nyuma.

"Baba Pacha, mimi na wewe hatukuanza jana. Kazi nimekuletea wewe kwa sababu misumari yako haitoki. Sasa hii ni nini? Unapigilia kama bibi harusi anayeshona kifungo."

"Bado siku tano, mkubwa."

"Jino si limetoka?"

"Limetoka."

"Na ulimi? Nasikia ulimi ni mzima."

"Mzima kabisa."

"Basi jaza kinywa, bwana! Jaza!" Alishika kopo la misumari, akalitikisa mbele yake. "Shavu la kushoto basi, kama la kulia lina kidonda. Daktari wako yuko hapa? Nani anakuona?"

"Hayupo. Nilimwahidi."

"Ulimwahidi nini? Msumari?"

"Msumari."

Mwenye ukumbi akamgeukia Mama Pacha, kama wanaume wanavyofanya wakishindwa.

"Usinitazame mimi," Mama Pacha akasema. "Mimi nimeshika kitambaa."

Mwenye ukumbi alitoka nje. Walimsikia akivuka barabara, akiita mlangoni kwa jirani, yule waliyempachika jina la Pini, ambaye hupiga viti kwa mashine ya pini na humaliza kumi kwa saa moja, na viti vyake baada ya miezi sita vinaanza kucheka kingo. Muda si mrefu mkokoteni ukaja. Vijana wawili wakabeba fremu arobaini na mbili, nne nne, bila kuwatazama wenye karakana. Pini mwenyewe alisimama ng'ambo, na kwa heshima ya ujirani hakucheka. Mwenye ukumbi alichukua na vile kumi na vinane vilivyokwisha. Alipofika mlangoni akasema kwamba mwakani kuna kazi nyingine ya ukumbi, lakini hajui, hajui kweli, kama ataileta huku.

Karakana ikawa pana ghafla. Ilibaki stuli moja ya mwalimu mstaafu, isiyo na haraka.

Baba Pacha aliivuta akaiweka kati ya magoti. Kinywani ulimi wake ulijisogeza wenyewe ukaenda kulia, ukajipinda, ukageuza kitu ambacho hakikuwepo, kwa wepesi ule ule wa miaka ishirini na sita. Akafunga midomo.

"Vuta," akamwambia mkewe.

Mama Pacha akavuta kitambaa. Fundi akatia mkono koponi, akatoa msumari mmoja kwa vidole, akausimamisha kwenye mbao, akagonga. Akajigonga kidole. Akatukana polepole, akapuliza ukucha, akatia mkono koponi tena.